Mbwa wa bure analipiwa na nani?

Hapa Berlin mbwa ana kodi. Wa kwanza euro 120 kwa mwaka, na ukiongeza wa pili, huyo ni 180. Paka hadaiwi chochote, wala sungura, wala kasuku. Kila mji unajipangia kiwango chake: Hamburg ni 90, München ni 100, ila huko huko München mbwa wa aina zinazohesabiwa kuwa hatari analipiwa 800. Na usidhani pesa hiyo inarudi kwa mbwa. Inaingia kwenye kapu la jumla la mji, ikatengeneze barabara au iwashe taa za mtaani.

Mjomba wangu wa Morogoro nilipomweleza haya aliuliza kama mbwa naye anapewa risiti ya TRA. Nikamwambia anapewa, tena anaivaa shingoni: kibati chenye namba, ili askari wa mji akitaka kukagua asome mwenyewe. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa ameshapiga hesabu, na hakuwa anacheka. Euro 120 ni zaidi ya laki tatu za Kitanzania, na yeye bima ya afya ya CHF ya nyumba nzima, watu sita, alikuwa akilipa elfu thelathini kwa mwaka. Sikuwa na jibu, na sidhani lipo jibu linaloweza kumridhisha mtu aliyepiga hesabu hiyo.

Lakini kodi siyo inayouma. Kodi unaijua, barua inakuja, unalipa, basi. Vivyo hivyo bima ya madhara, ambayo kwa Berlin ni lazima: mbwa akimwangusha mwendesha baiskeli, bima ndiyo inayobeba. Na tangu 2022 kuna daftari la mbwa la mji, ambako unamwandikisha kwa namba ya chipu yake, euro 17.50 ukijaza mtandaoni. Hayo yote mtu anaweza kuyaandika kwenye karatasi kabla hajachukua mbwa. Yanayomaliza mfuko ni yale ambayo hakuna aliyekutajia.

Mbwa wetu tulipewa bure. Mfanyakazi mwenzake mke wangu, mbwa wake alizaa, akawa anagawa. Bure kabisa, kama nyumbani, na hata nikajisikia nimewapiga bao Wajerumani wanaolipa mamia ya euro kwa mbwa mwenye ukoo. Kisha sikio lake la kulia likaanza kunuka.

Ujerumani ada za madaktari wa wanyama zimepangwa na serikali. Orodha ilifanyiwa marekebisho makubwa Novemba 2022, na uchunguzi wa kawaida wa mbwa au paka ukawa euro 23.62 kabla ya VAT ya asilimia 19. Hicho ndicho kima cha chini. Daktari anaruhusiwa kukizidisha mpaka mara tatu kulingana na ugumu wa kazi, na ukienda usiku au wikiendi kwa dharura inaweza kufika mara nne, pamoja na ada ya dharura ya euro 50 ambayo nayo inaongezewa VAT. Bili niliyopewa ilikuwa ndefu kuliko mkono wangu. Uchunguzi, mstari wake. Kuchukua uchafu wa sikio kwa pamba, mstari wake. Kuutazama kwa hadubini, mstari mwingine. Kusafisha sikio. Glavu. Dawa ya matone. Na chini kabisa, ushauri wa kurudi baada ya wiki moja, ambao nao ungekuwa na mistari yake. Sisemi nimeibiwa; sikio lilipona na yule mama daktari alijua anachofanya. Ninachosema ni kwamba bima ile ya lazima hailipi hata senti moja ya hayo. Inamlinda mwendesha baiskeli. Ukitaka ya kumtibu mbwa mwenyewe, unakata nyingine.

Halafu kuna vile vidogo. Mifuko ya kinyesi, ambayo sheria ya Berlin inakutaka uwe nayo kila unapotoka naye. Dawa ya kupe, maana kupe wapo hata huku. Tiketi ya treni: mbwa akizidi ukubwa wa paka, reli inamhesabu abiria. Chumba cha hoteli kinachoongezewa "ada ya usafi" hata kama mbwa ana nidhamu kuliko wewe. Mlango alioukwaruza akiwa peke yake, ambao utakatwa kwenye amana ya nyumba siku unahama. Kimoja kimoja havitishi. Kwa mwaka, ukivijumlisha, kodi inaonekana ni ya kitoto.

Na kwetu sisi tuliotoka mbali kuna gharama ambayo Mjerumani wa kawaida haioni kwa ukubwa huo: likizo ya nyumbani. Mwenzangu wa Kijerumani anaenda kwa wazazi wake kwa gari, mbwa amelala kiti cha nyuma. Mimi nikienda Tanzania naenda wiki nne au tano, kwa sababu nauli ile si ya kwenda kusalimia na kurudi. Kumchukua ni mtihani mwingine, maana mnyama anayeingia Umoja wa Ulaya akitokea nchi kama yetu lazima awe na chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba chanjo imeshika. Kwa hiyo mbwa anabaki, na anabaki kwenye hosteli ya mbwa, analipiwa kwa siku. Kuna mwaka mbwa alilala kwa bei ya juu kuliko mimi niliyekuwa Morogoro.

Nimekaa nikiwaza kwa nini nyumbani hatukuwahi kuzungumza habari za gharama ya mbwa, wakati mbwa hawakukosekana. Jibu nililofikia ni kwamba huku ninalipia watu. Hosteli ni watu. Kijana anayemtembeza mchana tukiwa kazini ni mtu. Ukiondoa dawa na chakula, sehemu kubwa ya pesa inayoondoka ni mshahara wa mtu anayefanya kile ambacho nyumbani kingefanywa na yeyote aliyepo uani. Kule hukuwahi kutafuta wa kukaa na mbwa, kwa sababu nyumba haikuwahi kuwa tupu. Bibi yupo, watoto wapo, dada wa kazi yupo.

Basi tuseme ukweli kuhusu huyo dada wa kazi. Kwetu ndiye aliyekuwa akipika chungu cha mbwa. Pumba na dagaa wale waliosagikasagika wa chini ya gunia, anasonga jioni akiwa ameshasonga ugali wa watu, anaacha upoe, anamwaga kwenye sufuria iliyokatika mkono, kisha anasugua chungu kilichoganda. Kila siku. Hakuna aliyewahi kuiita hiyo gharama, kwa sababu haikuongeza hata mia kwenye mshahara wake. Mbwa alikuwa wa baba, usingizi wa usiku ulikuwa wa nyumba nzima, kazi ilikuwa ya dada.

Na hiyo ni sehemu nyepesi. Nzito ni pale mbwa anapouma.

Mtoto wa jirani anapita na ndoo ya maji, mbwa ametoka kwa sababu geti halifungi vizuri, anamshika mguu. Familia ya mtoto inakimbilia zahanati, wanaambiwa chanjo haipo, waende hospitali ya wilaya. Huko labda ipo, na siyo sindano moja. Ni kadhaa, zimepangwa kwa wiki, na kila moja ina nauli yake na siku ya kazi iliyopotea. Mama anauza kuku. Wanakwenda kwa mwenye mbwa, na mwenye mbwa anatoa ile kauli ambayo nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mtu mzima anayeheshimika mtaani: "Huyu mbwa si wangu, huwa anakuja kula tu."

Kwa bili yangu ya sikio nililalamika wiki nzima. Ile familia ililipia mbwa ambaye hata hakuwa wao, na kama wangekosa pesa za nauli mtoto angeweza kufa, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Ujerumani ilitangazwa kuwa haina tena ugonjwa huu kwa mbweha na mbwa wake mwaka 2008. Sisi tunajua pia namna ya kuuzuia. Utafiti uliofanywa Serengeti kwa miaka mingi ni kati ya ule ulioonyesha dunia kwamba ukichanja karibu asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Kumchanja mbwa ni rahisi mno kuliko kumtibu mtu aliyeumwa.

Sisifii kila kitu cha huku. Kuna watu wanamwokea mbwa keki ya siku ya kuzaliwa, na mwingine nimemkuta dukani akichagua koti la mvua lenye rangi ya kufanana na macho ya mbwa wake. Hayo tuwaachie. Na mbwa wa huku, pamoja na bima zote, anashinda ndani saa nyingi peke yake akisubiri mlango ufunguke, wakati yule wa uani kwetu alikuwa na kundi la watoto kutwa.

Wapo wenzangu wa diaspora wanaosema dawa ni kuleta kodi ya mbwa Tanzania. Siafiki. Halmashauri ikitangaza elfu ishirini kwa kila mbwa, kesho yake mtaa mzima utakuwa na mbwa "wanaokuja kula tu", na hao hata siku ya chanjo hawatapelekwa. Chanjo ya mbwa ibaki bure, kama zinavyofanyika kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na zifike hadi vijijini badala ya kuishia mjini. Kinachotakiwa kulipiwa ni kuumwa: serikali ya mtaa imjue mbwa ni wa nyumba ipi, na siku akiuma, nauli na sindano za yule mtoto zitoke nyumba hiyo. Mpwa wangu anayetaka nimtumie pesa za mbwa wa kizungu nimeshamwambia nitatuma, akinionyesha kwanza picha ya geti linalofungika na kadi ya chanjo. Mpaka leo amenitumia picha ya mbwa tu.