Shangazi Aangusha Dhahabu ya Waparthi

Kwa shangazi yangu wa Mombasa, makumbusho ni duka la sonara lenye wahudumu wavivu. Siku nilipompeleka katika makumbusho moja kubwa hapa London, sanamu za Kigiriki alizipita mbio, macho chini, kwa ajili ya ule uchi. Akatia nanga kwenye dhahabu ya Waparthi.

Nikamweleza: hawa walitawala Uajemi tangu 247 KK hadi 224 BK. Mwaka 53 KK waliwachapa Warumi pale Carrhae, na Crassus, tajiri mkubwa wa Roma, akauawa. Husimuliwa kwamba walimmiminia kinywani dhahabu iliyoyeyushwa.

"Israfu!" akasema Shangazi.

Zilikuwapo herini zenye vito vyekundu, zimezungukwa na chembe za dhahabu ndogo kuliko mbegu za ufuta. Pua ya Shangazi ikagusa kioo. "Mwanangu, si kama zangu hizi?" Akavua moja ailinganishe. Ikamponyoka, ikabiringika hadi chini ya kabati.

Mtoto mmoja akaiona, akapiga yowe kwamba dhahabu imedondoka. Mlinzi akaruka, mikono kaitandaza kama golikipa. Redio zikaanza kukoroma, mlango ukafungwa, tukaambiwa asisogee mtu. "Yangu hiyo!" Shangazi akapaza sauti huku anainama kuiokota, na hapo mlinzi akawa hana shaka tena kuwa amemnasa mwizi.

Akaletwa mtaalamu, glavu mkononi. Akawasha kitochi, akabana lenzi jichoni, kimya. Kisha akatoa hukumu, nami nikatafsiri: si ya Waparthi. Fundi wao aliipachika chembe moja moja, ikashika chini kwa kijisehemu tu, kiasi kwamba kwenye lenzi kila moja unaiona imesimama peke yake. Za Shangazi zimeshikana chini kwa chini. Zimemiminwa kwenye kalibu, zote kwa mpigo mmoja.

Mlango ukafunguliwa, tukaombwa radhi. Mimi huyo natoka. Shangazi hakubanduka.

"Amesema kalibu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na yule aliyeniapia kapachika kwa mkono, usiku kucha, akanitoza na pesa ya ufundi?"

Simu ilishatoka mkobani.

"Sonara! Salamu zako ziweke kwanza. Niko na Mzungu hapa, ana lenzi. Usikate! Mwanangu, hebu mpe huyo Mzungu simu."