Akina Salim wanne: chanzo kwanza, kuunganisha baadaye

Pengo kwenye mti wa ukoo halimdhuru mtu. Hukaa wazi mpaka siku binamu aliye Muscat au Mombasa anapolijaza. Linaloharibu ni watu wawili waliofanywa mmoja, maana wake, watoto na wakwe wote huhamia kwa babu asiye wao, na kila anayeongeza jina baada ya hapo anajenga juu ya kosa.

FamilySearch, WikiTree na Geni, tovuti za kujenga mti wa ukoo kwa pamoja, zinafuata kanuni moja: mtu mmoja, ukurasa mmoja, unaotumiwa na ndugu wote. Kanuni ni nzuri. Tatizo ni pale programu inapopendekeza kurasa mbili ziunganishwe kwa sababu majina na miaka vinakaribiana. Huku kwetu jina pekee halithibitishi kitu. Salim akiwa na wana wanne, na kila mmoja akampa mwanawe wa kwanza jina la babu, utapata akina Salim wanne wa rika moja, pengine mtaa mmoja. Wakikuyu wana utaratibu mkali zaidi: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Majina yale yale hurudi kila baada ya kizazi.

Msimamo wangu ni huu: usiunganishe kurasa mbili mpaka, mbali na jina, mama awe yule yule, kijiji au mtaa uwe ule ule, na angalau ndugu mmoja wa tumbo moja au mwenzi mmoja alingane. Mama ndiye kipimo bora, na ndiye anayekosekana zaidi. Shajara nyingi za nasaba za pwani hupanda kwa wanaume tu, fulani bin fulani bin fulani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee yeyote liwe la mama yake na bibi mzaa mama, kabla hajachoka.

Kauli ya mzee ni chanzo halali kabisa, lakini "nimeambiwa na bibi" si chanzo, kwa sababu hakuna awezaye kuirudia. Rekodi kwa simu. Anza kwa kutamka tarehe, mahali, jina la msemaji na uhusiano wake na anaowataja. Baadaye, kwenye ukurasa wa kila mtu, andika nani alisema, lini, wapi, nani alirekodi, na dakika ya ngapi jina hilo linatajwa. Weka nakala mbili za rekodi sehemu tofauti, simu hupotea.

Maneno ya udugu yanahitaji subira. "Babu" anaweza kuwa kaka wa babu, "baba" akawa baba mdogo, na "ndugu" akawa mtoto wa jirani aliyelelewa nyumbani. Uliza kwa adabu lakini waziwazi: "Bibi, huyu ndiye aliyekuzaa, au ni baba mkubwa?" Usijaze nafasi ya mzazi kabla ya jibu hilo.

Karatasi nazo zina mitego. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Kikatoliki kina thamani kubwa, kwa kuwa ndoa ya mtu huongezwa pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Piga picha ya jalada, ukurasa mzima, kisha mstari wenyewe, na uandike namba ya kitabu na ya mstari. Ila tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa, hasa kwa waliobatizwa watu wazima. Kwenye cheti cha ndoa ya Kiislamu, usimchukulie wali, yaani anayemwozesha bibi harusi, kuwa baba yake moja kwa moja. Baba akiwa amefariki, wali huweza kuwa babu, kaka au ami.

Tarehe ya 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria. Andika "karibu na 1920", au "kabla ya Maji Maji" kisha ueleze kuwa vita hivyo vilikuwa 1905 hadi 1907. Umri uliohesabiwa kwa Hijria nao upunguzwe: miaka 66 ya Hijria ni kama 64 ya Miladia.

Nisba, yaani jina la mwisho linaloonyesha ukoo au asili, ndiyo inayozua ugomvi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907 na Tanganyika 1922, na wapo walioachwa huru wakabaki na jina la ukoo wa mabwana zao. Hivyo nisba peke yake haithibitishi damu. Iandikwe kama jina alilotumia, na nafasi ya baba iachwe tupu. Kumpachika mtu baba mwenye hadhi ni kumfuta mama na baba waliomzaa kweli, nami naona huo ni udhalimu kwa marehemu asiyeweza kujitetea.

Walio hai wanataka uangalifu wa namna nyingine. FamilySearch huwaficha: kwa kawaida ukurasa wa aliye hai huonekana na aliyeutengeneza tu. Ndiyo maana wajukuu watano hutengeneza bibi watano bila kujua, na bibi anapofariki, kila ukurasa hujitokeza kifo kinapoandikwa kwenye ukurasa huo. Kubalianeni mapema nani ataandika kifo. Wengine wasubiri ukurasa huo, kisha waunganishe wa kwao nao.

Ukikuta muunganiko mbaya, usianze kufuta. Fungua historia ya mabadiliko, mtafute aliyeunganisha, mtumie ujumbe wenye chanzo chako, na umpe wiki mbili. Asipojibu, rudisha kurasa zilivyokuwa, na kwenye nafasi ya sababu uandike jina la mama wa kila mmoja ili programu inapowapendekeza tena, anayefuata aone tofauti.