Kisu cha Baba Mbele ya Sheria

Baba aliniachia kisu cha kukunja. Ni kisu cha kawaida tu: bapa la sentimita 8, mpini wa mti, kijinafasi cha kuingiza ukucha ili ulivute bapa kwa mkono wa pili, na kipande cha chuma mgongoni kinacholikaza bapa likishafunguka, lisije likajikunja na kukukata vidole. Alikitumia kukatia kamba, kumenyea matunda na kutuchongea penseli tulipokuwa wadogo. Nami nilikibeba mfukoni miaka mingi bila kuwaza lolote. Nilipoanza kujiandaa kwa safari za mbali ndipo nilipokaa chini nikasoma sheria, usiku mmoja baada ya mwingine, na nikagundua kwamba swali nililoanza nalo halikunifikisha mbali.

Swali lenyewe ni lile la kila mtu: kisu cha urefu gani kinaruhusiwa?

Chukua England na Wales. Sheria ya mwaka 1988 inayohusu makosa ya jinai, kifungu cha 139, inakataza mtu kuwa hadharani na kitu chenye makali au ncha kali pasipo sababu ya msingi. Inakiachia kisu cha kukunja cha mfukoni ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kwa hiyo kisu cha baba kimeshindwa kwa unene wa shilingi mbili tatu zilizopangwa pamoja. Ungedhani basi dawa ni kununua kifupi zaidi. La. Mwaka 1993, katika shauri la Harris, mahakama iliamua kwamba kisu kinachojikaza kikifunguliwa, ambacho lazima ubonyeze kitu ndipo kikunjike, hakihesabiki kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya sheria ile. Hata kingekuwa na sentimita 5, kile chuma kidogo cha mgongoni kingekitia hatiani. Ukikutwa nacho huna sababu, adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 4.

Hapo nilisimama kidogo. Chuma kile kiliwekwa kwa ajili ya usalama wa vidole vya anayekata. Bapa lisilojikaza ndilo linalomrudia mwenyewe. Lakini mahakama iliuliza jambo jingine: kisu hiki, kikishafunguka, kina tofauti gani na kisu kisichokunjika? Ukilitazama hivyo unaelewa walikotokea, ingawa mimi bado nasikitika kwamba anayechagua kisu salama zaidi ndiye anayebanwa.

Japani kizingiti ni sentimita 6. Kubeba bapa refu kuliko hapo bila sababu halali ni kosa chini ya sheria ya bunduki na mapanga ya mwaka 1958. Kuna msamaha kwa kisu cha kukunja kisichozidi sentimita 8, na kwa dakika moja nilifurahi, maana cha baba ni 8 kamili. Kisha nikasoma masharti mengine: bapa lisiwe pana kupita sentimita 1.5, lisiwe nene kupita milimita 2.5, na kisu kisiwe na kifaa cha kulikaza bapa. Chuma kilekile tena.

Ujerumani nao wana mizani yao. Tangu mwaka 2008, kifungu cha 42a cha sheria yao ya silaha kinakataza kubeba kisu kisichokunjika chenye bapa linalozidi sentimita 12, na pia kisu cha kukunja kinachoweza kufunguliwa kwa mkono mmoja na kujikaza. Cha baba kinajikaza, lakini kinahitaji mikono miwili kukifungua, hivyo kinapita. Kingekuwa na kijipini kando ya bapa cha kusukumia kwa kidole gumba, kisingepita. Bapa lilelile, urefu uleule, mtu yuleyule.

Na hata huko Ujerumani kupita kwake kuna mipaka. Agosti 2024 mtu mwenye kisu aliua watu 3 kwenye tamasha mjini Solingen. Mwezi Oktoba mwaka huohuo sheria ilikazwa: kwenye sherehe za umma, masoko na mikusanyiko ya namna hiyo usibebe kisu cha aina yoyote kama huna sababu inayotambuliwa. Sentimita hapo hazisemi kitu.

Ndiyo maana nasema swali la urefu halitoshi. Kabla ya kulifikia, uliza unataka kufanya nini na hicho kisu, kwa sababu sheria hutenganisha vitendo ambavyo sisi tunavichanganya: kukinunua, kukiingiza nchini, kukiweka nyumbani, kukibeba njiani. Kimoja kinaweza kuwa huru na kingine kosa. Kisu kirefu cha jikoni hakimgombanishi mtu na polisi kikiwa jikoni. Kitoe nje usiku bila maelezo, uone.

Hata kukaa nacho nyumbani si jambo la kudumu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa visu vya springi, vile vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe, tangu mwaka 1959. Lakini aliyekuwa nacho kabatini aliachwa nacho, hadi sheria ya silaha hatari ya mwaka 2019 ilipoanza kutumika kwa vitu hivyo mwaka 2021 na kukifanya hata kile cha kabatini kuwa kosa. Japani walifanya vivyo hivyo na majambia. Juni 2008 watu 7 waliuawa katika mtaa wa Akihabara jijini Tokyo na mtu aliyetumia lori na jambia, na mwaka uliofuata kumiliki bapa lenye makali pande zote mbili la kuanzia sentimita 5.5 kukakatazwa. Huko Australia, jimbo la Victoria limeliingiza panga kwenye orodha ya silaha zilizokatazwa kuanzia Septemba 1, 2025. Mwenye mali hakusogea hata hatua moja. Sheria ndiyo iliyomfuata mlangoni. Kwa hiyo maelezo uliyoyapata miaka mitano iliyopita kutoka kwa rafiki yako mwaminifu, yasome upya kwenye chanzo cha serikali yenyewe.

Marekani ndiko kulikonichosha zaidi. Watu husema "Marekani kisu ni ruhusa" kana kwamba Marekani ni mahali pamoja. Ipo sheria ya taifa ya mwaka 1958 juu ya visu vya springi, lakini inahusu zaidi biashara ya kuvuka mipaka ya majimbo na kuviingiza nchini. Mengine kila jimbo limejipangia, na ndani ya jimbo miji nayo ina sheria zake ndogo. Texas tangu mwaka 2017 mtu mzima hubeba karibu kisu chochote, ila bapa linalozidi inchi 5.5 lina sehemu zake ambako haliruhusiwi, kama shuleni na mahakamani. Ukiingia Chicago, bapa lililofichwa mfukoni lisizidi inchi 2.5, na cha baba kina zaidi ya 3.

Kisa cha Los Angeles ndicho ninachokitolea mfano kila mara. Jimbo la California linasema kisu kisichokunjika usikifiche: kiweke kwenye ala, kining'inie kiunoni kionekane. Jiji la Los Angeles linasema bapa la inchi 3 au zaidi usilibebe likaonekana hadharani, isipokuwa kwa kazi halali, burudani halali au ibada. Basi mwenye kisu cha namna hiyo, asiye na kazi wala ibada ya kutaja, akikificha amevunja sheria ya jimbo, akikionyesha amevunja ya jiji. Si haki kumtegemea mwananchi wa kawaida agundue mtego huo peke yake.

Sasa maoni yangu, na nayasema nikijua wapo wenye uchungu wa kweli waliofiwa kwa visu. Sheria zinazokamata namna kisu kinavyofunguka zimelenga mahali pasipostahili. Kisu cha jikoni hakina springi wala kitufe, na kinaua. Sheria ile ya Marekani ya 1958 yenyewe ilikiri jambo hilo bila kutaka: ilimruhusu mtu mwenye mkono mmoja kubeba kisu cha springi chenye bapa lisilozidi inchi 3. Maana yake waliotunga walijua kwamba kufunguka kwa mkono mmoja ni msaada kwa mwenye kazi, si alama ya ujambazi.

New York ilionyesha ubaya wa njia hiyo kuliko mahali pengine popote. Sheria yao ilikataza kisu kinachofunguka kwa uzito wake au kwa kutikiswa kwa nguvu. Polisi alikuwa akikitikisa kisu kwa kifundo cha mkono, na bapa likitoka, mwenye kisu anakamatwa. Ikawa visu vya kawaida vya kazi, vilivyouzwa wazi madukani, vinawatia pingu mafundi umeme, wajenzi na wapanga jukwaa, na waliokamatwa kwa sehemu kubwa walikuwa Weusi na Walatino. Kisu kikilegea kwa kutumika sana, kinageuka silaha. Mei 2019 sheria hiyo ilifutwa. Massachusetts nako, Agosti 2024, mahakama ya juu ya jimbo iliitengua marufuku ya kubeba visu vya springi ikisema inakinzana na haki ya kikatiba ya kubeba silaha. Sifurahii kila hoja ya uamuzi huo, lakini mwelekeo wake naukubali.

Ninachokipenda zaidi ni sheria inayouliza: umekibeba kwa nini? Italia, kwa sheria ya mwaka 1975, inataka utoke nacho nyumbani ukiwa na sababu ya haki. Afrika Kusini, katika sheria yake ya silaha hatari ya mwaka 2013, haikutaja sentimita. Inatazama mazingira: je, kuna shaka ya maana kwamba mtu huyu anakusudia kukitumia kwa uovu? Kitu kinapimwa pamoja na saa, mahali na mwenendo wa aliyekishika.

Njia hii nayo ina kidonda chake, na sitaki kukifunika. Anayeulizwa "kwa nini" lazima aaminiwe. Mvuvi wa starehe aliyevaa vizuri akijibu, jibu lake linapokelewa haraka. Kijana wa vibarua anayerudi kazini usiku, kisu cha kukatia maboksi kimesahaulika mfukoni, anajibu jambo la kweli vilevile na anashuhudia macho yakimkagua toka juu hadi chini. England na Wales mzigo wa kuonyesha sababu umewekwa kwa mshtakiwa, na kusahau peke yake kwa kawaida hakutoshi. Kwa sababu hiyo namsihi kila anayefanya kazi na kisu: kikimaliza kazi, kirudi kwenye sanduku la vifaa, si mfukoni.

Na lipo jibu moja ambalo watu hulitoa wakidhani linawaokoa: "Nakibeba kwa kujilinda." Katika nchi nyingi hilo ndilo jibu linalokuzamisha, maana umekiri kwamba umekibeba kama silaha. Victoria huko Australia imeandika waziwazi kwamba kujilinda si udhuru halali wa kubeba kisu.

Penye nia njema, sheria huweza kuulizia sababu kwa heshima. Masingasinga hubeba kirpani, jambia la kidini, kwa amri ya imani yao. Katiba ya India, ibara ya 25, inaitaja kwa jina. Sheria ya England na Wales inatambua sababu za dini, pamoja na mavazi ya asili na kazi. Kanada, mwaka 2006, Mahakama ya Juu katika shauri la Multani ilikataa marufuku ya moja kwa moja dhidi ya mwanafunzi aliyevaa kirpani shuleni, ikaona kuivaa ndani ya nguo, kwenye ala iliyoshonwa, kunatosha kulinda wengine. Hakuna aliyepima sentimita ili kufikia uamuzi huo. Waliketi wakamsikiliza mtoto na familia yake.

Limebaki moja linaloniuma, nalo ni muuzaji. Yeye anaijua bidhaa yake, anaujua mji alimo, na anapokea fedha. Mnunuzi anatoka mlangoni na kosa mfukoni bila kuambiwa neno. Sheria nyingi zinamtaka muuzaji aangalie umri wa mnunuzi, na hilo ni jema. Ningetaka zimtake pia aandike kwenye karatasi ya malipo, kwa lugha rahisi: kisu hiki hapa mjini unaweza kukiweka nyumbani, njiani huwezi, au unaweza kwa sharti hili. Mistari miwili tu. Yule fundi wa New York angeisoma kabla hajafika nje.