Gari Langu Halipendi Jumatatu

Mimi na gari langu tunakubaliana katika jambo moja tu: Jumatatu asubuhi hakuna anayetaka kuamka. Tofauti ni kwamba mimi nikiamshwa nanung'unika, kisha naamka. Gari nikilizungushia ufunguo linajibu "tik." Siyo "tik-tik-tik", ile ya kubembeleza. Tik moja, kavu, kama mtu anayekufungia mlango usoni. Halafu taa za dashibodi zinafifia taratibu, zinazimika, nawe unabaki na ufunguo mkononi na tai shingoni.

Jumanne, betri ikishachajiwa, linawaka. Jumatano hadi Ijumaa linawaka, kwa kujivutavuta kama mtoto anayepelekwa kuoga, lakini linawaka. Jumamosi na Jumapili nalipumzisha kabisa, silitumi popote. Na shukrani ya punda mnaijua.

Gari likikugomea ndipo utakapogundua kwamba umezungukwa na mafundi. Jirani alitazama kwa umbali wa hatua kumi, akasema, "Hiyo ni betri." Shemeji akasema betri haina kosa, ni alteneta, ile inayoichaji, na akaapa. Akapita mtu ambaye hana hata baiskeli, akasimama, akasikiliza ile tik, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Stata hiyo, haizungushi injini." Kisha akaenda zake. Wote watatu walizungumza kwa uhakika ambao mimi sina hata juu ya tarehe yangu ya kuzaliwa.

Nikanunua betri, kwa sababu ndiyo pekee inayobebeka. Jumatatu iliyofuata: tik. Betri mpya, tik ileile ya zamani.

Nikamfuata fundi umeme. Huyu hakutazama hata gari. Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaniuliza, "Bosi, nani ameligusa gari hili karibuni?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kilichofungwa, kilichofunguliwa, kilichobadilishwa?"

"Hakuna, fundi."

"Fikiria vizuri."

Nikafikiria vizuri. Hakuna. Akaniambia basi nimwachie gari, atahitaji kutwa nzima, labda na kesho yake, kwa sababu umeme hauonekani na hauna haraka. Nikamwambia siwezi kukaa siku mbili bila gari. Akanitazama kama mtu anayejizuia kusema kwamba kila Jumatatu nakaa bila gari. Mwisho akanihurumia, akanieleza namna ya kutafuta mwenyewe, na akanionya nisiguse kitu nisichokijua. Kwa onyo hilo nisingegusa hata mlango.

Hapa lazima niseme neno juu ya mwenye gari wa zamani. Gari hili nimelinunua mkononi mwa mtu, na mtu huyo alilinunua mkononi mwa mtu mwingine, na kila mmoja alipoondoka aliacha waya. Chini ya usukani kuna msitu. Kuna waya unaotoka nyuma ya redio, unazunguka, unarudi nyuma ya redio. Kuna swichi nisiyojua kazi yake. Nikiibonyeza hakuna kinachotokea, na hilo ndilo linalonitisha. Kwenye sanduku la fyuzi, mahali palipoandikwa 15, ambapo fyuzi yake huwa ya bluu, nilikuta imepachikwa ya kijani, ambayo ni ya 30. Yaani ya bluu ilikuwa ikiungua, na badala ya kuuliza kwa nini inaungua, yule bwana akaweka ngumu zaidi. Fyuzi kazi yake ni kufa kabla ya waya. Ukiweka isiyokufa, anayekufa ni waya, na waya haufi peke yake, unakwenda na zulia na kiti na wewe uliyekalia. Nilimlaani yule bwana siku nzima, kwa sauti. Mama watoto alikuwa shahidi.

Na siyo hiyo tu. Kulikuwa na ugonjwa mwingine, nao niliuvumilia miezi kadhaa nikidhani ni tabia. Nikikanyaga breki usiku, taa ya indiketa ya nyuma upande mmoja inawaka nusunusu. Nikiwasha indiketa, taa ndogo ya nyuma inakonyeza nayo, kwa huruma. Waendeshaji wa nyuma yangu walikuwa wakipiga honi, mimi nadhani wananisalimu. Jirani akasema ni kompyuta ya gari. Gari langu lina kompyuta kama mimi nilivyo na ndege.

Fundi alicheka, akasema, "Ethi hiyo." Akanieleza kwamba umeme ukishafanya kazi kwenye taa hauishi pale, lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni bodi ya gari lenyewe, kupitia waya mfupi uliofungwa na bolti. Bolti ikila kutu, umeme unakosa mlango wa kutokea, kwa hiyo unapita chumbani kwa taa ya jirani, na ile taa ikipitiwa inawaka kidogo kwa mshangao. Nikafungua taa za nyuma. Bolti nikaikuta, imepakwa rangi chini yake. Rangi! Mwenye gari wa zamani alipaka bodi rangi, akafunga waya juu ya rangi, na miaka ya maji ya mvua ikamalizia. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikakanyaga breki: taa za breki zikawaka, nyingine zikatulia kama watu wenye adabu. Dakika ishirini. Nilitembea mtaani siku hiyo kifua mbele.

Kifua hicho ndicho kilichoniponza. Nikaazima mita ya umeme kwa jirani.

Mwanzoni tulipendana, mimi na ile mita. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri ikasoma volti 12.6, ndiyo shibe yake. Nikawasha injini, ikasoma 14.2, maana yake alteneta inachaji vizuri na shemeji ameapa bure. Nilimpigia simu kumwambia. Akasema mita ni mbovu.

Wakati ule haikuwa mbovu. Ilikuja kuwa mbovu nusu saa baadaye, kwa mkono wangu. Kupima volti, waya mwekundu wa mita unachomekwa tundu moja; kupima ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, unahamishiwa tundu lingine. Nikahamisha, nikajaribu kidogo, kisha nikataka kuhakikisha volti tena, nikagusa ncha mbili za betri bila kurudisha waya kwenye tundu lake. Cheche, harufu, kimya. Kwenye lile tundu la ampea mita inageuka kama kipande cha waya mtupu, kwa hiyo mimi niliipiga betri shoti kwa chombo cha jirani. Iliyoungua ni fyuzi iliyo ndani ya mita, nikanunua nyingine, nikaipachika, na jirani hajui. Na ninyi hamjui.

Sasa, kutafuta kinachonyonya betri gari likiwa limelala ni kazi ya mvuvi. Unafungua waya wa hasi wa betri, unaiweka mita katikati, ili kila tone linalotoka lipite kwako. Mlango ukiwa wazi taa ya ndani inawaka na kukuharibia hesabu, kwa hiyo unasukuma komeo la mlango kwa bisibisi mpaka gari liamini kwamba umefunga. Kisha unangoja. Fundi alisema nusu saa, vitu vyote vya ndani visinzie. Nikakaa juu ya ndoo nusu saa nikilitazama gari. Watu wanapita, wananisalimu, "Vipi, limegoma?" Nawajibu, "Hapana, nalilaza." Mmoja alirudi nyuma kunitazama tena.

Gari lililolala vizuri linatakiwa lisizidi ampea 0.05, za saa na kumbukumbu ya redio. Langu lilisoma 0.8.

Nikapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Mara 0.8, ni ampea-saa 48. Betri yangu ubavuni imeandikwa 45, ndiyo ampea-saa zake zote. Nilisimama pale nikajisikia mwanasayansi. Siku za kazi gari linalala usiku mmoja, linapoteza kama 10, asubuhi linajikongoja na barabarani linajazwa tena. Mwisho wa wiki linanyonywa mpaka mfupa. Kumbe gari halikuwa na kinyongo na Jumatatu. Lilikuwa na mgeni anayekula Jumamosi na Jumapili.

Kumfukuza mgeni, unachomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Namba ikishuka, umekipata chumba anachokaa. Nikachomoa ya taa, 0.8. Ya honi, ya wipa, 0.8. Ya redio ikashusha kidogo sana, ikanipa matumaini ya bure. Nikahamia sanduku la pili, lile la chini ya dashibodi, ambalo mhandisi wake hakuwa na shingo, kwa sababu mwenye shingo hawezi kulifikia. Nikachomoa zote. Fyuzi zimejaa kwenye sahani kama pipi, nyekundu, bluu, njano, gari halina tena kitu hata kimoja chenye fyuzi, na mita inanitazama: 0.8.

Kabla Cadillac haijaleta magari yenye stata ya umeme mwaka 1912, gari liliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma kwa mbele, na injini ikirudisha teke mpini ule ulivunja mkono wa mtu. Nimewaza sana juu ya watu wale. Walivunjika, ndiyo. Lakini walimjua aliyewavunja.

Nikampigia fundi. Akasema kama fyuzi zote ziko nje na bado kinanyonya, basi kinachonyonya hakipiti kwenye fyuzi. Angalia vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Nikaitenga betri, nikafungua waya wa alteneta, maana ndani yake kuna vidude vinavyoweza kuharibika vikaurudisha umeme kinyume, nikaunganisha mita upya, nikakaa juu ya ndoo. 0.8. Shemeji kakosa mara mbili.

Hapo ndipo nikauona. Kwenye kichwa cha chanya, chini ya nati, umebanwa waya mwekundu, mnene kama kidole cha mtoto, usiokuwepo kwenye gari lolote lililotoka kiwandani na akili zake. Unapita pembeni, unaingia kwenye tundu la ukuta wa injini, unapotelea ndani.

"Mama watoto!" nikaita. "Njoo uone ushenzi wa mwenye gari wa zamani!"

Akaja, amefunga kanga, akakunja mikono. Nikaanza kuufuata ule waya, na kila hatua nilikuwa na la kusema. Nikainua zulia: tazama, kaupitisha palipo na kona kali ya chuma, bila hata mpira wa kuukinga! Nikasogeza mbele: tazama, kaunga katikati kwa kusokota tu, kama nywele! Mtu huyu, nikamwambia, alipaswa kunyang'anywa bisibisi angali mdogo.

"Unakwenda chini ya kiti changu," akasema.

"Hata mimi nashangaa."

"Ndiyo maana asubuhi panakuwa na uvuguvugu miguuni. Nilikwambia."

Ni kweli aliniambia. Nilimjibu ashukuru.

Nikavuta kiti cha abiria mbele, nikaingiza kichwa chini. Gizani kule kuna kijitaa kimoja cha kijani, kinawaka, kimetulia, kinanitazama. Amplifaya. Kisanduku cheusi cha kukuza sauti, kina joto kama paka. Ule waya wake mwembamba, ambao unatakiwa ufungwe kwenye waya wa bluu wa redio, ili redio ikizimwa nacho kizime, umefungwa palepale kwenye ule mwekundu mnene. Kwa hiyo hakijawahi kuzimika. Kinakesha. Kinakuza sauti ya kimya, usiku na mchana, kwa ajili ya spika ambayo haipo, kwa sababu spika ilipasuka, nikaitoa kwenye buti ili mizigo ienee.

Nikaitoa.

Nilikaa vilevile, kichwa chini ya kiti. Mambo yakaanza kunirudia moja baada ya jingine, kama Jumapili moja mchana miezi sita iliyopita, nimelala katika mkao huuhuu, ule waya wa bluu siuoni vizuri, nimechoka, najiambia nifunge hapa kwa muda tu, kesho nitarekebisha. Na pale kwenye kiungo, badala ya tepu nyeusi ya umeme, pamezungushwa tepu ya kijani. Tepu ya kijani ya kufungia vifurushi, ambayo miezi sita iliyopita ilipotea mezani kwa mama watoto, na watoto wakahojiwa mmoja mmoja, na mdogo akalia.

"Umekiona?" akauliza kutoka juu.

"Nimekiona."

"Nani sasa aliyefunga kitu kama hicho?"

Nikatoka taratibu, nimeshika kile kiungo kiganjani, nimekifumbata. Vumbi hadi kwenye nyusi. Nikasema, "Si nimekwambia. Ni mwenye gari wa zamani."

Akanifumbua kiganja. Akaitazama ile tepu kwa muda mrefu.

"La zamani," akasema, akarudi ndani.