Itungi haikukosa meli, imekosa kina

Ikitajwa bandari ya Itungi, kwenye Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela hadi Mbeya mjini utasikia wimbo uleule: leteni meli. Meli zimekuja. Matishari (meli bapa za mizigo) mawili, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja tani 1,000. Kisha MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Lakini shughuli imehamia Kiwira, bandari ya jirani, kwa sababu Itungi imejaa mchanga.

Kiwira, Mbaka na Lufilyo ni mito inayoporomoka kwa kasi kutoka milima ya Rungwe. Ikifika tambarare ya Kyela inapunguza kasi, na maji yaliyopungua kasi hayabebi mchanga, yanautua. Machi hadi Mei, mvua zikipamba moto, ziwa nalo limejaa, kwa hiyo hakuna anayeona kilichotuama chini. Halafu unaingia upepo wa mwera, unasukuma mawimbi kutoka kusini na kuukokota mchanga kandokando ya ufukwe hadi mlangoni mwa bandari. Ikifika Novemba, ziwa limeshuka karibu mita nzima na fungu la mchanga limeshajitokeza.

Si lazima chombo kiguse chini ndipo kiharibike. Kikipita juu ya fungu maji yakiwa nusu mita tu chini ya tumbo lake, pangaboi zinatibua mchanga na bomba la maji ya kupoza injini linaunyonya. Chujio linaziba, impela ya pampu (gurudumu linalosukuma maji) inalika, injini inachemka. Fundi atabadilisha impela leo na keshokutwa ataitwa tena.

Basi tuchimbe? Njia ya meli ya mita 500 kwa upana wa mita 30, ukiondoa mita 1 tu ya mchanga, ni mita za ujazo 15,000. Kwa tipa la mita 10 ni safari 1,500. Tena kingo za mchanga hazisimami wima. Kwa kila mita 1 ya kina unachonga mteremko wa mita 4 au 5, la sivyo zinajifukia zenyewe. Na mchanga ukimwagwa palepale ukingoni (ndiyo njia ya mkato inayopendwa), masika ijayo umerudi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 za ukingo wa mto ziachwe. Anayelima mahindi hadi majini huko juu ndiye anayeijaza bandari huku chini, ila hayumo kwenye bajeti ya kuchimba.

Hata kina kikipatikana, kuna mizigo. Tishari la tani 1,000 ni mifuko 20,000 ya saruji. Makuli 40, kila mmoja mifuko 15 kwa saa, wanahitaji saa 33 kulijaza: siku nne za kazi. Mfuko huo umeshashushwa kwenye lori Kyela, utashushwa tena Mbamba Bay, bandari ya upande wa Ruvuma, utapakiwa lori jingine. Mikono minne, na kila mkono unalipwa. Lami ilipofika Mbamba Bay kutoka Songea, lori likawa linapakiwa mara moja na kushushwa mara moja.

Na wakati wa kurudi tishari linabeba nini? Usipa mkavu, dagaa wa Nyasa, ni mwepesi, haujazi tani 1,000. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kijiji cha Ikombe, vimeshazoea mtumbwi, hadi soko la Matema, wala havihitaji gati.