"Homa Kidogo" ya Chanjo si Kidogo kwa Mwenye Kisukari

Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini Julai 2021, wenye magonjwa sugu waliwekwa kwenye kundi la kwanza, na ilistahili. Mafua makali na nimonia humwelemea mwenye kisukari kuliko wengine, kwa hiyo nasema wazi: achanje. Kinachonikera ni maelezo anayopewa akishachomwa: "Utapata homa kidogo, meza parasetamo, pumzika." Kwake hayo ni nusu ya maelezo.

Joto la mwili likipanda, iwe ni malaria au mwili unaipokea chanjo, homoni huamsha ini limwage sukari kwenye damu, na insulini, inayoshusha sukari hiyo, hupungua nguvu. Sukari inaweza kupanda hata kama mtu hajatia kitu mdomoni.

Mama mkubwa, mwenye kisukari, pale Nkuhungu, Dodoma, alichanjwa asubuhi. Jioni mwili ukachemka, ugali wa mtama na mlenda akavisukuma pembeni. Nyumba nzima ikakubaliana: hajala, basi leo asichome insulini. Usiku mashine ya kupima sukari ikasoma 19 (mmol/L), juu mno. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba insulini ile ya kutwa nzima haiachwi kwa sababu ya homa. Kipimo kinaweza kubadilishwa, lakini kwa ushauri wa daktari. Vidonge navyo viulizwe, maana viko ambavyo husimamishwa mtu akitapika na kuishiwa maji.

Halafu kuna jasho. Homa ikishuka mtu hulowa. Sukari ikishuka chini ya 4, hulowa vilevile, tena akitetemeka. Kwa macho huwezi kutofautisha, na kwa hewa kavu ya Dodoma jasho lenyewe hukauka kabla hujaligusa. Mashine ndiyo itakayokuambia. Apime kila baada ya saa 4 hivi mpaka homa iishe, na anywe maji ya kutosha. Akitapika mfululizo, akipumua kwa kasi au akianza kuchanganyikiwa, ni kituo cha afya, hata kama ni saa nane usiku.

Homa ya chanjo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi hapo msiisingizie chanjo: kapimeni malaria, na mvueni viatu mkague nyayo, kwa sababu kidonda cha mguu huweza kuoza bila maumivu. Kwa wazee wenye kisukari, maambukizi makubwa huweza hata kuja bila joto kupanda.

Nataka kliniki za kisukari ziandike haya kwenye daftari la mgonjwa kabla hajakwenda kuchanjwa, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, yakiwa na namba ya kupiga. Na kwa asiye na mashine nyumbani, maana stripu, vile vipande vya kupimia, ni bei, apangiwe chanjo Jumatatu au Jumanne, ili siku mbili zinazofuata apate mahali pa kupimwa kabla ya wikiendi.