Wananiita Arobaini na Saba

Klabuni kwetu, klabu ya treni ndogo za mfano, kuna wazee watatu ambao jina langu huwashinda kulitamka, lakini namba yangu wanaijua. Nikifungua tu mlango, mmoja anaita "Arobaini na Saba!" na wengine wanacheka mpaka chai inamwagika. Naishi Uingereza, ambako mtu mzima kuwa na reli ndogo bandani si kioja. Kwetu Tabora, nilikolelewa kwenye nyumba za reli, ningeanza kwanza kuapa kwamba hivi si vitu vya mtoto.

Kwa asiyeujua mchezo huu: zamani treni hizi ziliendeshwa kwa kupandisha na kushusha umeme wa reli. Ukiongeza umeme, kila injini iliyoko juu ya njia hiyo inaondoka. Ukitaka injini mbili ziende kila moja na mwendo wake, unaikata njia vipandevipande na kuijaza swichi. DCC, mfumo wa kidijitali uliobuniwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, katika miaka ya 1990, ulimaliza adha hiyo. Umeme unakaa kwenye reli muda wote na amri zinapita humohumo. Ndani ya injini kuna kijibamba cha elektroniki, dekoda, kinachosikiliza anwani yake tu. Zikitoka kiwandani, karibu zote anwani yake ni 3.

Basi ilikuwa Jumamosi ya maonyesho, watoto wamejipanga mezani. Nilikuwa na injini mpya, namba 3, na nilitaka kuipa 47. Kidhibiti tulichotumia siku hiyo kilikuwa kile cha bei nafuu, chenye tundu moja tu la kwenda relini. Kidhibiti kikubwa huwa na njia ya pembeni ya kuandikia anwani, imetengwa na reli nyingine. Hiki cha kwetu kikiingia kwenye hali ya kuandika, reli yote inageuka ubao wa kuandikia, na kila dekoda iliyopo inapokea. Mwongozo ulisema uziondoe kwanza injini nyingine zote. Mimi mwongozo niliuacha kwenye boksi.

Nikaandika 47. Nikaongeza mwendo. Injini saba zikaondoka kwa pamoja, nyingine zikirudi nyuma, na sita kati ya hizo hazikuwa zangu.

Watoto walishangilia wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Kilichoniuma ni kilichofuata: kuwauliza wenyewe, mmoja mmoja, injini zao zilikuwa namba ngapi. Mmoja tu ndiye aliyejua, kwa sababu alikuwa na daftari.

Wapo wanaosema visa kama hivi ndivyo vinavyowafanya wabaki na umeme wa zamani. Sikubaliani nao, ila nawaelewa. Kwenye mfumo wa zamani kosa lilionekana kwa macho: waya umechomoka, swichi imesahauliwa. Sasa kosa ni namba uliyoiandika mwenyewe miezi mitatu iliyopita, na dekoda haisahau hata ukizima umeme mwaka mzima. Chombo kina kumbukumbu kuliko mwenye chombo.

Mipangilio hiyo hukaa katika namba zinazoitwa CV. (Si ile ya kuombea kazi, ingawa nayo watu huandika mambo ambayo baadaye hawawezi kuyaeleza.) CV1 ni anwani. CV3 na CV4 ni uzito wa kuondoka na wa kusimama. Ya nne niliipandisha sana ili treni isimame taratibu kama treni ya kweli. Nikaamuru isimame, ikaendelea kwa adabu zake mpaka mwisho wa meza, ikaanguka. Baba aliendesha treni za kweli na angeniambia bure kwamba breki hufungwa mapema.

Lakini iliyonifedhehesha kuliko zote ni CV19, na hiyo haikuwa na mashahidi. Nilikuwa na injini ambayo siku moja iligoma. Taa zinawaka na kuzimika nikiamuru, mota haizunguki. Nikahukumu: dekoda imeungua. Nikaifungua, nikakagua brashi za mota, nikanunua dekoda nyingine na kulehemu nyaya nyembamba kama uzi mpaka saa saba usiku. Ikaenda vizuri. Wiki mbili baadaye, katika kupekua, nikasoma kwamba ukiunganisha injini mbili zivute pamoja, namba ya uunganisho huandikwa kwenye CV19. Isipofutwa, mota inafuata namba ile ya pamoja, na taa kwa kawaida zinabaki na anwani ya zamani. Niliziunganisha mbili siku za Pasaka, nikasahau. Dekoda niliyoitupa ilikuwa nzima kabisa, inamngoja mwenzake. Dawa yake ilikuwa kuandika sifuri.

Ndiyo maana huwa napandwa na hasira nikisikia ushauri wa "andika 8 kwenye CV8." Ni kweli, kwenye dekoda nyingi hilo huirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na CV19 yangu ingepona. Lakini inafuta na kila kitu ambacho mtu alikitengeneza kwa subira: mwendo wa polepole, sauti, taa. Na hujifunzi kosa lilikuwa nini. Kwangu hiyo ni hatua ya mwisho kabisa. Kosa la shoti ni afadhali kuliko haya ya namba: bisibisi ikisahaulika juu ya reli, kidhibiti kinakata umeme papo hapo na mkosaji anajulikana, bisibisi ina jina lake.

Siku hizi nami nina daftari, na chini ya kila injini nimebandika kikaratasi chenye anwani. Imebaki moja. Niliinunua kwa mtu, ina sauti nzuri ajabu, na sitaki kuifuta. Haiitiki 3. Haiitiki 47, nilianza na hiyo. Kidhibiti changu cha nyumbani kinaendesha tu, hakiandiki wala hakisomi, kwa hiyo naijaribu namba moja baada ya nyingine, na namba zinafika 9999. Klabuni kuna kidhibiti kinachoweza kuisoma kwa sekunde chache, lakini itabidi niulizwe mbele ya wazee wale kwa nini sijui anwani ya injini yangu mwenyewe. Jana usiku nilifika 212.